Git huhifadhi kilichobadilika, sababu huandikwa na mtu

Kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani, ukishuka mto Kongo, wafanyakazi wa kituo cha utafiti cha Yangambi waliandika kwa mkono, kati ya 1937 na 1958, hali ya miti ya msituni: upi umechanua, upi umepukutisha majani, wiki gani. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa tabianchi wameyarudia madaftari hayo na kuyatumia, kwa sababu kila alama ina mti wake na tarehe yake.

Watengenezaji wa programu za kompyuta nao wana daftari lao: Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila wanapohifadhi mabadiliko, huandika ujumbe mfupi. Tarehe, jina na mistari iliyobadilishwa Git huiweka yenyewe. Kinachobaki kwa mtu ni kueleza sababu, na hapo wengi huandika "marekebisho" tu.

Fikiria programu ya akiba ya dawa katika kituo cha afya mjini Kisangani. Mtaalamu anasogeza tahadhari ya kuagiza dawa kutoka siku 30 hadi 60, kwa kuwa boti za Kinshasa huchelewa. Akiandika "marekebisho", atakayemrithi anaweza kudhani 60 ni kosa, akarudisha 30, na dawa zikaisha mzigo ungali mtoni.

Mstari mmoja ungetosha: "Tahadhari siku 60, boti kutoka Kinshasa huchelewa." Kuuandika hakuchukui hata dakika moja.