Halijoto ya Uso wa Nchi: Setilaiti Hupima Nini?

Kiswahili cha sayansi hutenganisha joto, yaani nishati yenyewe, na halijoto, yaani kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi bila madhara. Lakini inaposemwa kwamba setilaiti "imepima joto la ardhi", kosa huwa maradufu, kwa kuwa kifaa kilichoko mamia ya kilomita angani hakipimi joto wala halijoto. Hupima mnururisho tu. Halijoto hukokotolewa baadaye.

Mwaka 1800 William Herschel aliweka vipimajoto kando ya mwanga wa jua uliotawanywa kwa mche wa kioo, akakuta kwamba hata mahali palipopita rangi nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, vilipanda. Miali hiyo ndiyo infraredi. Ardhi yenye halijoto ya kawaida huitoa kwa wingi zaidi penye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10, na angahewa isiyo na mawingu huruhusu sehemu kubwa ya miali ya mikromita 8 hadi 12 kupita.

Ugumu unaanzia hapo. Vitu viwili vyenye halijoto moja havitoi mnururisho sawa. Maji hutoa takriban asilimia 98 ya kile ambacho kitoaji kamili kingetoa. Mchanga wa kwatzi, kati ya mikromita 8 na 9.5, waweza kushuka chini ya asilimia 80, hivyo ukaonekana baridi kuliko ulivyo. Anayepuuza tofauti hiyo aweza kukosea kwa karibu digrii 10. Sifa hii inahitaji jina. Neno "unururifu" halifai, kwani limekwisha kutumika kwa elementi kama urani. "Kiwango cha utoaji" ni refu kidogo, lakini halipotoshi.

ASTER, kifaa cha Kijapani kilichorushwa Desemba 1999 katika setilaiti ya Kimarekani Terra, kilikuwa na mikanda mitano ya infraredi ya joto. Kwa kila kipande cha ardhi cha mita 90 kwa 90 kilileta vipimo vitano, ilhali visivyojulikana ni sita: viwango vitano vya utoaji na halijoto moja. Hesabu ya namna hiyo haina jibu moja. Njia iliyochapishwa na Alan Gillespie na wenzake mwaka 1998 iliazima sharti la sita kutoka maabara, kwa kutumia uhusiano uliokwisha kuonekana katika sampuli za miamba, udongo, mimea na maji. Kwa hiyo jibu la angani limeegemea vipande vya mwamba vilivyookotwa kwa mkono. Isitoshe, kile kilichokuwa kikwazo kwa mtafuta halijoto ni hazina kwa mwanajiolojia, maana kwatzi na chokaa hujitambulisha kwa mikanda ambamo utoaji wao hupungua.

Lipo kosa jingine, la kulinganisha visivyolingana. Mwaka 2005 kifaa cha MODIS kilionyesha nyuzi 70.7 za Selsiasi katika jangwa la Lut, Iran. Rekodi ya Death Valley, Marekani, ya nyuzi 56.7 mwaka 1913, ni ya hewa iliyopimwa kivulini, juu ya ardhi. Ya kwanza haikuivunja ya pili. Atembeaye pekupeku mchangani saa nane mchana anaijua tofauti hiyo bila kusoma fizikia. Mwandishi wa kitabu cha shule hana budi kuandika "halijoto ya uso wa nchi" au "halijoto ya hewa", si "joto" peke yake.