Mgongo Wavutwa, Mgonjwa Haelezwi

Baada ya majuma kadhaa ya kuinamia karatasi za mitihani, shingo yangu ilikataa kugeuka. Nikaelekezwa kwenye kliniki moja ya tiba ya viungo upande wa bara wa Mombasa, nikajikuta kwenye benchi refu pamoja na watu ambao riziki yao huipata kwa migongo yao: dereva wa lori wa Changamwe, mama mchuuzi wa ndizi wa Kisauni, na mzee mmoja wa Likoni ambaye kwa miaka mingi amesukuma mkokoteni akiingia na kutoka ferini.

Kati yetu na chumba cha tiba palikuwa na pazia tu, kwa hivyo tuliyasikia yote. "Daktari, mshipa wa kiuno umenikamata," mzee alisema. Kijana aliyemhudumia akaitazama picha ya eksirei, kisha akajibu kwa heshima: "Mzee wangu, pingili zimesagika, na mfupa umetoka mahali pake. Tutauvuta urudi." Mzee akalazwa, akafungwa mikanda kifuani na nyongani, mashine ikaanza kumvuta. Alipotoka aliketi kando yangu kuvaa viatu, akaninong'oneza: "Hii ni mara ya nne, mwanangu. Tangu niambiwe mfupa umetoka, nasali kwenye kiti. Naogopa kusujudu."

Zamu yangu ilipofika, nilimwuliza kijana yule, kwa Kiingereza, kamba na kapi lile vitanifanyia nini. Alinieleza vizuri sana. Alisema kwamba hakuna mfupa uliotoka popote. Kwamba kuchakaa kidogo kwa pingili huja na umri kama mvi. Kwamba kuvutwa huenda kukanipa nafuu ya muda tu. Na kwamba tiba yenyewe hasa ni mazoezi na kutouogopa mwili wangu.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo nilipostaajabu. Elimu ile ile iliyonipa mimi utulivu kwa Kiingereza ilimpa mzee hofu kwa Kiswahili. Kijana hakukosa ujuzi, wala hakukosa huruma. Alikosa maneno. Masomo yake yote aliyapata kwa Kiingereza, na alipomgeukia mzee, Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa kile cha mtaani: kusagika, kutoka, kurudi.

Neno "kuvuta" lenyewe lina historia katika masikio yetu. Muunga mifupa huuvuta mkono ulioteguka, ukarudi. Katika wadi za hospitali tumewaona majeruhi wa ajali za barabarani wakiwa wamening'inizwa uzani mguuni, ili mfupa wa paja uliovunjika unyooke na kuunga. Huko kuvuta kuna kazi yake ya wazi. Lakini uti wa mgongo wa mzee wetu haukuvunjika wala kuteguka. Mashine huziachanisha pingili kwa kiasi kidogo mno, na mgonjwa akishasimama, uzito wa mwili huzirudisha zilivyokuwa. Neno ni moja, mambo ni mawili, na asiyeambiwa tofauti atayachukua kuwa jambo moja.

Tiba hii ni kongwe. Wagiriki wa zama za Hippocrates waliwavuta wagonjwa migongo kwa kamba, na katika karne ya 20 daktari James Cyriax wa London aliipigia debe sana. Hata hivyo, ukongwe si ushahidi. Mwaka 2013 watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 32 yaliyohusu wagonjwa 2,762 wa maumivu ya kiuno, wakaona kwamba kuvutwa kulileta manufaa madogo au hakukuleta kabisa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 uliwashauri matabibu wasiitumie kwa maumivu hayo, na Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri kama huo mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Kwa upande wa shingo, hasa maumivu yanayoteremka mkononi, mjadala haujafungwa. Wapo watafiti walioona nafuu pale kuvuta kulipoambatana na mazoezi.

Mwongozo huo wa mwaka 2023 unapendekeza nini basi? Miongoni mwa mambo ya mwanzo ni mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Elimu hiyo haipakwi kama dawa ya kuchua. Hutolewa kwa lugha. Kwa maneno mengine, maelezo ni sehemu ya tiba, na maelezo mabaya ni sehemu ya maradhi.

Aidha, lugha ndiyo humwezesha mhudumu kuutambua mgongo usiofaa kuguswa na mashine. Neno "mshipa" kwetu hubeba njia ya damu, neva, msuli, na hata ngiri. Asipouliza zaidi, atajuaje kama mzee ana ganzi mapajani kwa ndani, miguu iliyolegea, au mkojo usiozuilika, dalili zinazodai hospitali siku hiyo hiyo? Atajuaje kama homa za usiku na kukonda kwake si kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kukivuta ni hatari?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, manufaa na hatari zake, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini sheria haiwezi kumtilia mtu maneno kinywani. Hiyo ni kazi yetu sisi walimu. Tunawafunza wanafunzi ngeli, vitendawili na barua rasmi, na ni vyema. Je, ni lini tutawapa zoezi la kumweleza bibi wa Kisauni, kwa Kiswahili safi na bila kumtisha, kwamba pingili zake zimezeeka lakini bado ni imara, na kwamba kuinama hakutamvunja? Miongoni mwa wanafunzi hao wamo matabibu wa kesho.

Siku ile sikuvutwa. Nilifunzwa mazoezi matano ya shingo, nikaenda zangu. Nje nilimkuta mzee akingoja matatu. Nikayarudia kwake maneno ya kijana, safari hii kwa Kiswahili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mbona yeye hakuniambia hivyo?"

Swali lake nawaachia walimu wenzangu.