Kabichi na sukuma wiki ni spishi moja

MKULIMA anayevuna kabichi kisha kupanda sukuma wiki katika shamba lilo hilo hudhani kwamba amebadilisha zao. Kwa mujibu wa elimu ya mimea, hajabadilisha.

Mboga hizo, pamoja na koliflawa na brokoli, ni za spishi moja iitwayo Brassica oleracea. Neno la kwanza hutaja jenasi na la pili spishi. Utaratibu huo ulienezwa na msomi wa Uswidi, Carl Linnaeus, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1753.

Ndani ya spishi hiyo, wataalamu wa kilimo cha bustani huigawa mimea katika makundi: kabichi ni Capitata, sukuma wiki ni Acephala. Hatimaye hufuata jina la aina, ambalo huandikwa kati ya alama za kunukuu, mathalan kabichi ya ‘Copenhagen Market’.

Kwa sababu ya udugu huo, mboga hizi hushambuliwa na wadudu na magonjwa yale yale, yakiwemo ya bakteria ambazo husalia katika mabaki ya mimea shambani. Hivyo basi, baada ya kabichi ni heri mkulima apande mahindi au maharagwe.