Slaidi zifuate swali la mwanafunzi: mfano wa somo la biashara ya Kikuubo

Mwalimu anayetumia kompyuta na projekta mara nyingi huanza na slaidi ya kwanza na kumaliza na ya mwisho. Utaratibu huo unafaa hotuba. Darasani, mwanafunzi akiuliza jambo lililo kwenye slaidi ya 14, hujibiwa "subiri, tutafika", na kipindi huisha kabla ya kufika. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutumia slaidi bila kufungwa na mpangilio wake.

Kwa nini Kikuubo?

Kikuubo ni eneo la maduka ya jumla katikati ya Kampala. Jina lake kwa Kiluganda lina maana ya kichochoro. Wafanyabiashara wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini hununua bidhaa huko. Wakimbizi na wenyeji wengi hukopa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa ili wapate mtaji wa duka. Hesabu ikikosewa, mtaji unapotea na deni linabaki. Ndiyo maana swali la mwanafunzi halifai kuahirishwa.

Anza na slaidi ya menyu

Tengeneza slaidi moja yenye visanduku vinne: bei ya jumla, usafiri, faida, usalama wa pesa. Katika PowerPoint, chagua kisanduku, bonyeza Ctrl na K kwa pamoja, kisha chagua slaidi ya kufungua. Mwisho wa kila sehemu weka kisanduku cha kurudi kwenye menyu. Darasa ndilo litakaloamua waanzie wapi.

Vitufe vitatu vya kukumbuka

Vitufe hivi hufanya kazi slaidi zikiwa zinaonyeshwa, katika PowerPoint na pia Impress, programu ya bure iliyomo kwenye LibreOffice:

- Andika namba ya slaidi kisha bonyeza Enter: unaruka moja kwa moja hadi slaidi hiyo. Andika orodha ya namba kwenye karatasi na uiweke karibu nawe.
- Bonyeza B: skrini inakuwa nyeusi, na wanafunzi wanakugeukia wewe au ubao. Bonyeza tena kurudi.
- Bonyeza W: skrini inakuwa nyeupe. Kama projekta inaangaza ubao mweupe, andika hapo hapo kwa kalamu.

Acha nafasi ya hesabu

Usiweke jibu kwenye slaidi. Weka swali. Tuseme muuzaji ananunua katoni 5 za sabuni kwa shilingi 60,000 kila moja, na usafiri ni 40,000. Jumla ni 340,000. Kila katoni ina vipande 25, kwa hiyo kipande kimoja kimemgharimu 2,720. Akiuza kwa 3,000, faida yote ni 35,000.

Mwanafunzi akiuliza, "Mvua ikinyesha na usafiri ukipanda hadi 60,000?", bonyeza B na mfanye hesabu ubaoni. Kipande sasa kinagharimu 2,880, na faida inashuka hadi 15,000. Jibu hilo halikuwa kwenye slaidi, lakini ndilo litakalomsaidia kabla ya kupanda basi.

Lugha na umeme

Darasa moja linaweza kuwa na wasemaji wa Kiswahili, Kinyarwanda, Kiluganda na Kiarabu. Tumia picha na tarakimu, maneno machache, kisha eleza kwa mdomo. Wanafunzi wanaojua zaidi wawatafsirie wenzao.

Chapisha slaidi ya menyu na ya hesabu kwenye karatasi. Umeme ukikatika, somo liendelee.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini Uganda, ulioanza 2020, unataka mwanafunzi ashiriki badala ya kusikiliza tu. Kwa kuanzia, chukua somo ulilonalo tayari, ongeza slaidi ya menyu, na uliulize darasa: tuanzie wapi?