Familia ya de Quincy: jina lilikufa, urithi ukapita kwa wamama

Kuna hati moja ya Kilatini, ya mwanzo wa karne ya 13, inayotoka Uskoti, ile inchi Wafransa wanaita Écosse. Ndani yake Saer de Quincy, konte wa Winchester, anawapa wamonaki wa Newbattle haki ya kuchimba makaa ya mawe na kukata mawe kwenye udongo wake wa pembeni ya bahari, karibu na Tranent, upande wa mashariki ya Edinburgh. Mipaka inatajwa moja moja: kijito, udongo wa majirani, mpaka pale bahari inapopanda na kushuka. Kisha linafuata neno ambalo kila mchimbaji atalielewa bila kufasiriwa: watu wa Tranent hawatakuwa na sehemu pale, si kwa malisho, si kwa mawe, si kwa makaa, kama wamonaki wenyewe hawajakubali.

Saer alikufa mwaka 1219, kwa hiyo hati iliandikwa mbele ya pale. Ni moja ya hati za zamani sana zinazosema juu ya makaa ya mawe ku Uskoti. Watu wetu wa Luena wangelitambua jiwe lile mara moja.

Lakini Saer aliutoa wapi ule udongo? Na kisha kufa kwake, ulienda kwa nani? Kwa kujibu, lazima kufuata mti wa familia yake. Tuliufuata, na tukaona jambo moja: jina la de Quincy linapita kwa wababa, lakini karibu kila mara mali yenyewe inapita kwa mwanamke. Mwenye kufuata jina peke yake anapotea njia.

Mlango ulifunguliwa na nkambo

De Quincy hawakuwa Waskoti. Jina lao linatoka Cuinchy, kijiji cha Pas-de-Calais, kaskazini ya Ufaransa, karibu na Béthune. Saer wa kwanza tunayemjua alivuka bahari akapata mashamba ku Uingereza, katika karne ya 12. Alikuwa bwana mdogo tu, sawa wengine wengi.

Bahati yake ilikuwa ndoa. Alioa mjane mmoja, Maud de Senlis. Mama ya huyu Maud, naye aliitwa Maud, alikuwa mjane pia, na mume wake wa pili alikuwa David, aliyekuwa mfalme wa Uskoti mwaka 1124. Basi watoto wa Saer na Maud walikuwa ndugu wa damu na wajukuu wa David, Malcolm wa nne na William, waliotawala Uskoti mmoja kisha mwingine. Hakuna de Quincy aliyepigana vita kwa kupata udugu ule. Uliletwa na nkambo mwanamke.

Mtoto mmoja wa Saer na Maud, jina lake Robert, akaenda ku Uskoti kwa ndugu zake wafalme. Kule alioa Orabilis, binti ya Nes mwana wa William, bwana wa Leuchars, katika jimbo la Fife. Leuchars ikaingia katika familia ya de Quincy kupitia yeye. Kanisa la mawe la Leuchars, la karne ile ya 12, lingali limesimama mpaka leo. Robert alipata pia Tranent, pale penye makaa.

Saer wa makaa ni mtoto wa Robert na Orabilis. Naye alioa vizuri: mke wake Margaret alikuwa dada ya konte wa Leicester, na yule konte alipokufa mwaka 1204 bila mtoto, mali yake iligawanywa kwa madada wawili. Nusu ikaja kwa Margaret, na haikupita miaka mingi Saer akafanywa konte wa Winchester. Hesabuni pamoja nasi: Maud, Orabilis, Margaret. Wanawake watatu, ngazi tatu.

Wakina Saer wengi, na namna ya kuwatenganisha

Hapa njo kazi inakuwa ngumu. Jina Saer linarudia: nkambo Saer, mtoto Saer, mjukuu Saer. Kuna wakati wawili waliishi pamoja, mmoja baba mkubwa, mwingine mtoto wa ndugu yake. Hati inaandika tu «Saer de Quincy», basi. Waandishi wa zamani walichanganya watu hawa, na kosa la mmoja likaandikwa tena na mwingine, kitabu kisha kitabu.

Wenye kufanya kazi ya ukoo wanatumia njia tatu, na sisi tuzishike.

Ya kwanza ni udongo. Ukiona Saer anagawa kitu cha Leuchars, unajua ni mtoto wa Orabilis, juu ya ndugu wengine hawakuwa na kitu Leuchars.

Ya pili ni mashahidi. Hati za wakati ule zilimalizika na majina ya watu waliosimama pale kusikia. Kama shahidi mmoja ni askofu fulani, na tunajua mwaka aliopata kiti na mwaka aliokufa, basi hati imefungwa kati ya miaka ile miwili. Njo namna wanavyopata mwaka wa hati isiyoandikwa mwaka.

Ya tatu ni muhuri, ile sisi tunaita kashe. Ku British Museum ya London kuna kashe ya feza ya Robert FitzWalter, rafiki mkubwa wa Saer. Inaonyesha FitzWalter juu ya farasi, na mbele ya farasi kuna ngao ndogo ya mtu mwingine: ngao ya de Quincy. Juu ya nini mtu aweke alama ya mwenzake kwenye kashe yake? Walikuwa marafiki wa vita, ni kweli. Mwaka 1203 waliachia pamoja ngome ya Vaudreuil, ku Normandie, mikononi mwa mfalme wa Ufaransa, na mwaka 1215 wote wawili walikuwa kati ya mabwana 25 waliochaguliwa kumchunga mfalme John wa Uingereza asivunje Magna Carta. Lakini kuna sababu nyingine, na haionekani kama unafuata wababa tu. Yule mjane Maud de Senlis, mbele ya kuolewa na Saer wa kwanza, alikuwa amezaa na mume mwingine, na katika uzao ule njo FitzWalter alitoka. Kumbe marafiki hawa wawili ni wajukuu wa nkambo mmoja!

Binti watatu, mara mbili

Saer alikufa ku Damietta, inchi ya Misri, katika vita vya msalaba. Mtoto wake Roger akashika mali. Roger alioa Helen, binti ya Alan wa Galloway, bwana mkubwa wa kusini-magharibi ya Uskoti aliyekuwa pia konetabli, maana yake mkubwa wa jeshi la mfalme.

Alan alikufa mwaka 1234. Aliacha binti watatu wa ndoa: Helen, Dervorguilla na Christina. Aliacha pia mtoto mwanaume, Thomas, aliyezaliwa inje ya ndoa. Watu wa Galloway hawakutaka inchi yao ikatwe vipande vitatu kwa mabwana wageni waliooa binti hawa. Walimwomba mfalme Alexander wa pili awape Thomas. Mfalme akakataa, watu wakaasi, jeshi likaingia, damu ikamwangika, na Galloway ikagawanywa. Roger akapata sehemu ya mke wake, tena na kazi ya konetabli. Lakini mwaka 1247 watu wa Galloway walimzunguka ndani ya ngome yake mwenyewe, na ilibidi apasue njia kati yao kwa farasi, akimbilie kwa mfalme.

Sasa tazameni namna mambo yanavyorudi. Roger alioa mara tatu, lakini alipokufa mwaka 1264 hakuacha mtoto mwanaume hata mmoja. Aliacha binti watatu wa Helen: Margaret, Elizabeth na Ela. Jina la mabwana wa de Quincy likaishia pale. Cheo cha Winchester kikarudi kwa mfalme wa Uingereza. Mashamba yakakatwa vipande vitatu, Tranent nayo ikagawanywa. Margaret alikuwa ameolewa na familia ya Ferrers, Elizabeth na Alexander Comyn, konte wa Buchan, na Ela na familia ya Zouche. Ukonetabli, ambao hauwezi kukatwa, mwisho ulikwenda kwa Comyn.

Katika mti huu kuna pia fundo moja la kuchekesha. Mume wa Margaret alikuwa na binti wa mke wake wa kwanza, jina lake Eleanor. Margaret akawa mama yake wa kambo. Kisha mzee Roger, baba ya Margaret, akamwoa huyu Eleanor. Basi Eleanor, mtoto wa kambo wa Margaret, akageuka mama yake wa kambo! Mwenye kuchora mti huu bila kuangalia miaka, kalamu itamkwama.

Waliopokonywa

Mtu anaweza kusema: hii ni michezo ya wakubwa, inatuhusu nini? Tungoje kidogo.

Vita kati ya Uskoti na Uingereza vikaanza mwaka 1296. Wakubwa wengi walikuwa na udongo pande zote mbili, sawa wajukuu wa Roger, na ikabidi wachague. Robert Bruce alipojifanya mfalme wa Uskoti mwaka 1306, Comyn walikuwa adui zake. Mwaka 1308 alimpiga John Comyn, konte wa Buchan, mtoto wa Elizabeth, kisha akachoma vijiji vya Buchan. Waliochomewa nyumba ni walimaji ambao hawakuwa na jina katika mti wowote. John alikufa mwaka ule ule, bila mtoto. Kisha ushindi wa Bannockburn, mwezi wa 11 wa mwaka 1314, Bruce alitangaza kama kila bwana aliyekataa kumkubali amepoteza udongo wake kwa milele. Sehemu za Tranent za Ferrers na Zouche zikatolewa kwa familia ya Seton.

Watu walipoteza udongo, lakini hawakupoteza hesabu ya ukoo. Mwaka 1332 kundi la mabwana walioitwa Waliopokonywa walipanda merikebu ku Uingereza, wakashuka Kinghorn, jimbo la Fife. Kiongozi wao Edward Balliol alikuwa mjukuu wa Dervorguilla, dada ya Helen. Pamoja naye alikuwa Henry de Beaumont, aliyedai Buchan juu ya mke wake, Alice Comyn: Alice ni mjukuu wa Elizabeth de Quincy. Alikuwa pia Henry Ferrers, wa uzao wa Margaret de Quincy. Tarehe 11 ya mwezi wa 8, ku Dupplin Moor, waliua watu wengi sana, pamoja na konte wa Mar aliyekuwa anashika inchi kwa ajili ya mfalme mtoto. Mbele ya mwaka kuisha Balliol alikuwa amefukuzwa tena, na Beaumont naye akazungukwa katika ngome ya Dundarg, akajitoa mwaka 1334.

Kwa hiyo binti watatu wa mzee mmoja, miaka karibu 70 kisha kufa kwake, jina lake likiwa limezimika kabisa, walikuwa bado wanaleta vita kupitia wajukuu. Jina halikubeba kitu. Damu ya wamama njo ilibeba madai yote.

Wasioandikwa

Tunajua haya yote juu wamonaki wa Newbattle walitunza nakala za hati zao katika kitabu, na kitabu kile kilichapishwa ku Edinburgh mwaka 1849. Jina la Saer limo. Majina ya mashahidi yamo. Jina la mtu hata mmoja aliyeshuka na sururu kutoa makaa pale Tranent halimo.

Na miaka mingi kisha pale, wachimbaji walipoanza kuonekana kwenye sheria ya Uskoti, haikuwa kwa heshima: sheria ya mwaka 1606 iliwafunga kwa bwana wao, hawakuweza kupata kazi kwa mwingine bila barua yake. Kamba ile ilikatwa kabisa paka mwaka 1799.

Ku inchi yetu, sheria ya familia ya mwaka 1987 inasema binti anarithi sawa na mtoto mwanaume. Lakini kwa kurithi, lazima ijulikane wewe ni mtoto wa nani, na karatasi iko wapi. Wazee waliokuja kwenye mine kutoka vijiji vya mbali bado wanakumbuka majina. Tuwaulize wangali hai, tuandike, tuweke mwaka, mahali na majina ya waliosikia. Na tusiishie kwa upande wa baba. Tuulize: mama ya mama aliitwa nani?