"Niko Makunganya"

Alfajiri pale Feri mnada wa samaki umeshapamba moto. Mzee muuza kahawa anapenya katikati ya ndoo na matenga, dele mkono huu, vikombe vikigongana mkono ule. Nilikuwa nikiongea na simu, nikasema saa nne nitakuwa Makunganya. Akasimama.

"Mwanangu, unakwenda kwa nani? Makunganya alinyongwa."

Mtaa ule nimeukanyaga miaka mingi. Nimekunywa chai pale, nimepanga miadi pale. Jina lenyewe sikuwahi kuliuliza.

Mzee ni mtu wa Kilwa Kivinje. Akatua dele, akapuliza makaa, akanimiminia.

"Hassan bin Omari, ndiye huyo. Mwaka 1894 watu wake walilivamia boma la Wajerumani Kilwa. Mwaka wa pili wakamkamata, wakamtia kitanzi. Mpaka leo mahali pale tunapaita Mwembe Kinyonga. Bibi yangu tukipita hapo alikuwa anakata mazungumzo. Ananishika mkono, tunapita kimya mpaka tuvuke. Baadaye ndiyo anaendelea na habari yake palepale alipoiachia."

Gavana wa Kijerumani aliponyongwa, Hermann von Wissmann, alisimamishiwa sanamu hapahapa Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji wakaiondoa. Ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena mwaka 1968. Nilimsimulia mzee hayo kwa furaha. Akaitikia tu kwa kichwa. Lake lilikuwa jingine.

"Bibi alimtaja Makunganya kwa heshima, na mimi namheshimu. Aliikataa bendera ya Wajerumani. Lakini alikuwa tajiri, mwanangu. Alifanya biashara ya pembe, na ya watu pia." Akarudia polepole: "Ya watu. Kwetu Kivinje wapo ambao babu zao waliteremshwa kutoka bara wamefungwa minyororo. Hao nao wamwite shujaa?"

Nikamuuliza, yeye angewajibu nini?

Akavisuuza vikombe kimoja kimoja, maji akayamwaga mchangani. Wavuvi walikuwa wanamwita kutoka upande wa ngalawa.

"Wewe ndiye mwandishi," alisema akinyanyua dele. "Yeye amepewa mtaa. Wale wa minyororo, mtaa wao upi?"