Lubumbashi: Sanaa yavuka mpaka uliopimwa kwa mbu

Mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, ulipangwa ili watu wasichangamane. Wazungu walikaa katikati ya mji, Waafrika wakawekwa kando, upande wa Kamalondo. Kati yao paliachwa eneo tupu, na upana wake ulihesabiwa kwa umbali ambao mbu wa malaria anaweza kuruka. Afya ndiyo ilikuwa sababu iliyotajwa.

Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, amelifanyia kazi jambo hilo: mwaka wa 2013 aliweka picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za wadudu waliokaushwa.

Baloji ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, shirika ambalo tangu 2008 linaandaa Biennale ya Lubumbashi. Maonyesho hayo yanafungua upya majengo ya zamani katikati ya mji, likiwemo Jumba la Makumbusho la Taifa. Zamani, mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés ndiye aliyewafungulia karakana yake, Hangar, wachoraji kama Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Sasa wenyeji ndio wanaowaalika wageni.

Lakini nafasi ni finyu. Jirani na makumbusho, jengo la 30 Juni, lililojengwa miaka ya 1950 kama nyumba ya maigizo, limekuwa makao ya wabunge wa jimbo.